Hitaji Linaishia Wapi? Maswali Yenu ya Bajeti ya Nyumbani

Barua za mwezi huu karibu zote zinabishania jambo moja: kipi ndani ya nyumba ni hitaji na kipi ni matakwa. Tumechagua saba. Bei zilizomo, zote kwa shilingi za Tanzania, ni za waandishi wa barua wenyewe au ni za mfano. Wekeni za mtaani kwenu, hesabu itabaki ileile.

Swali: *Shikamooni. Mume wangu ni mlinzi wa kampuni, analeta 480,000 baada ya makato. Mimi nauza vitumbua na sambusa; nikitoa mtaji nabaki na 9,000 hivi kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Watoto watatu, wawili msingi, mmoja kidato cha pili. Matumizi yetu: kodi 100,000 (tunalipa miezi sita sita), chakula 10,000 kwa siku, nauli 75,000, mkaa na gesi 55,000, LUKU 30,000, maji 12,000, bando 42,000, king'amuzi 23,000, saluni na kinyozi 25,000, hela ya mfukoni ya mume 40,000. Yeye anasema nisisuke nywele, mimi nasema akate king'amuzi. Na kila Januari tunakopa. Nani yuko sahihi?* (Mama Watatu, Mbagala)

Jibu: Marahaba. Kwanza tujumlishe. Kinachoingia ni 714,000, kinachotoka ni 702,000. Saluni na king'amuzi kwa pamoja ni 48,000, yaani chini ya asilimia 7 ya matumizi yote. Mnagombania kona, na chumba kizima hamjakigusa.

Isome tena orodha yako utafute kisichokuwemo. Hakuna sare wala madaftari, hakuna dawa, hakuna sikukuu. Ada ilifutwa katika shule za serikali, lakini viatu, begi, sweta na chakula cha mchana shuleni havikufutwa. Tuseme kila mtoto wa msingi anakula 90,000 kwa mwaka kwa vitu hivyo, na wa sekondari 160,000. Jumla ni 340,000, ambayo ukiigawa kwa miezi 12 ni kama 28,500 kwa mwezi. Hiyo ndiyo Januari yenu. Haiji ghafla, tarehe yake inajulikana tangu mtoto alipoandikishwa, ila haina mstari kwenye daftari. Weka na 20,000 ya dawa na vipimo. Sasa bajeti yenu ina upungufu wa 36,500 kila mwezi, nao hulipwa na mkopo.

Sasa kuhusu kutenganisha. Makosa ya wengi ni kuyagawa majina ya vitu: chakula kushoto, saluni kulia. Hitaji si jina la kitu, ni kiasi chake na tarehe yake. Chukua daftari, kila mstari ujiulize: kikikosekana, nini kinaharibika, na siku gani? Kiasi gani kinazuia uharibifu huo? Hicho ndicho hitaji. Kinachozidi hapo ni matakwa, hata kama ni unga.

Anza na hela ya mfukoni, maana ndiyo inayoleta maneno. Mlinzi anayekaa lindo saa 12 lazima ale. Chai na chapati za 1,000 kwa siku 26 ni 26,000, na hilo ni hitaji. Yake mwenyewe ni 14,000 tu. Saluni nayo ipasue. Shule nyingi zinataka nywele fupi, kwa hiyo watoto watatu kwa kinyozi mara mbili kwa mwezi, 1,000 kila kichwa, ni 6,000. Mume mara mbili kwa 2,000 ni 4,000. Hapo 10,000 ni hitaji, na kusuka kwako ni 15,000. Anayeuza chakula akionekana hovyo wateja humkimbia, ila msuko mzuri unakaa wiki tano hadi sita. Si lazima uufumue kila mwezi.

Bando 42,000 ni sawasawa na bando la siku la 700, watu wawili, siku 30. Bando la siku hufa na kilichobaki ndani yake. Angalia muda na MB unazotumia kweli kwa wiki, kisha nunua la wiki au la mwezi linalolingana na hapo. Kushuka hadi 22,000 kwa watu wawili kunawezekana, na wateja wa sambusa bado watakupata.

Palipo na nafuu kubwa ni kwenye chakula, na si kwa kula kidogo. Ni kwenye kupima. Fanya jaribio hili: chukua chupa tupu ya soda ya mililita 350, nenda nayo dukani, nunua mafuta ya kula ya 500 uyamimine humo. Rudia kila siku bila kuyatumia mpaka ijae, uhesabu vipimo. Vikiwa saba, kila kipimo ni mililita 50, na lita moja unainunua kwa 10,000. Uliza bei ya lita nzima iliyofungwa. Kama ni 6,500, kila lita unamzawadia Mangi 3,500. Familia ya watu watano inayotumia mililita 100 kwa siku humaliza lita tatu kwa mwezi, kwa hiyo kwa mafuta peke yake ni 10,500. Fanya hivyohivyo kwa sabuni ya unga, mchele wa robo na mkaa wa kopo.

Lakini si kila kitu kinunuliwe kwa wingi. Sukari ya wingi huliwa kwa wingi. Watu watano, vikombe viwili, vijiko viwili vya gramu nne, ni gramu 80 kwa siku, sawa na kilo 2.4 kwa mwezi. Kama nyumbani mnamaliza kilo nne, tofauti hiyo ni matakwa yaliyojificha ndani ya hitaji, na kununua kiroba kutayaongeza. Unga wa dona nao usiweke wa miezi miwili: una kiini na mafuta yake, huchacha mapema kuliko sembe. Sembe ya kilo 25 ni sawa, maana kilo moja hutosha watu watano kwa ugali wa jioni, kwa hiyo mfuko unaenda siku 25. Ukiisha siku ya 18, kuna anayepika zaidi au jirani anayeazima. Na usikope ili ununue kwa jumla. Riba itakula ile nafuu. Anza na mafuta na sabuni, mwezi wa pili ongeza unga.

Mkishusha chakula kutoka 10,000 hadi 9,000 kwa njia hii mnapata 30,000, na bando linarudisha 20,000. Pamoja na ile 12,000 iliyokuwa inabaki, mna 62,000. Shule 28,500 na dawa 20,000 zinalipwa, na 13,500 inakwenda kwenye Idi. Umesuka, na king'amuzi kinawaka. Kama kuna mwezi haukukaa sawa, king'amuzi ndicho cha kwanza kuzimwa, kwa sababu kikizimwa hakuna anayeumwa. Ila mkubaliane hilo mapema, si siku ya mechi.

Hela ya shule isikae kwenye simu, maana itageuka vocha. Iweke kwenye kibubu kisicho na mlango, au kwenye hisa za kikoba kinachovunjwa Desemba. Kikoba kinachovunjwa Machi hakikusaidii kwa hili.

Swali: *Tunaishi wapangaji wanne kwa LUKU moja. Kila wiki ugomvi. Umeme si hitaji? Mbona wengine wanaambiwa wanafanya anasa?* (Mpangaji, Kimara)

Jibu: Umeme hauna jibu moja, kila kifaa kina lake. Soma wati zilizoandikwa nyuma ya kifaa, gawanya kwa 1,000, zidisha kwa saa kinazowaka: hizo ni uniti.

Taa nne za LED za wati 9, saa tano kwa siku, ni uniti 5 na kidogo kwa mwezi. Televisheni ya wati 60 kwa saa tano ni uniti 9. Friji dogo hula uniti moja hadi moja na nusu kwa siku, yaani 30 hadi 45 kwa mwezi. Birika la umeme la wati 2,000 likichemsha dakika kumi, mara tatu kwa siku, limekula uniti 30, sawa na friji! Chemsha mara moja, jaza chupa ya chai. Pasi ya wati 1,000 nusu saa kila asubuhi ni uniti 15. Mkipiga nguo zote Jumapili kwa saa moja na nusu, ni 6. Nguo zilezile, mikunjo ileile.

Kwa bei zilizopitishwa 2016, mteja wa matumizi madogo hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo mradi asizidi uniti 75 kwa mwezi. Inayozidi hapo ni 350, na mteja wa kundi la kawaida hulipa 292. Hizo 75 ni za mita, si za familia. Familia nne kwenye mita moja ni vigumu kubaki humo hata zikijibana. Sabmita, yaani mita ndogo ya kila mpangaji nyuma ya ile ya LUKU, itamaliza ugomvi wa nani kala nini, lakini haitawarudisha kwenye bei ndogo; kinachowarudisha ni kila mmoja kuwa na mita yake ya LUKU. Na kodi ya jengo, ambayo tangu 2021 hukatwa kwenye LUKU, ni deni la mwenye nyumba. Andikeni kila inapokatwa, mtoe kwenye kodi ya pango kwa makubaliano naye.

Swali: *Naendesha bodaboda ya mtu, hesabu ya mwenye chombo 10,000 kwa siku. Nikitoa hesabu na mafuta nabaki na 8,000, siku nyingine 20,000. Nina mke na mtoto mmoja, kodi 50,000. Mshahara sina, bajeti nitapangaje?* (Dereva, Mbeya)

Jibu: Kaka, bajeti yako isiwe ya mwezi, iwe ya siku, na ipangwe kwa ile siku ya 8,000. Anayepanga kwa wastani hulala na deni kila siku mbaya, na Mbeya mvua za Novemba hadi Aprili zinakuletea siku hizo nyingi.

Andika siku 14 bila kubadilisha chochote: ulichoingiza, mafuta, hesabu, ulichokula kijiweni, ulichopeleka nyumbani. Usijisomee kabla ya siku ya 14, utaanza kujidanganya.

Halafu weka foleni ya pesa. Ya kwanza ni hesabu, ya pili ni mafuta ya kesho, kwa sababu ukiamka na tangi tupu huna pa kuanzia. Ya tatu ni ya meza, anayopewa mkeo mkononi. Ya nne ni kodi: 50,000 kwa siku 25 ni 2,000, na itoke hata ile siku ya 8,000. Ya tano ni chombo. Anayekimbia kilomita 100 kwa siku hubadilisha oili ya injini, takriban lita moja, kila wiki mbili, na kuna tairi, mnyororo na breki zinazoisha kimyakimya. Tenga 1,000 kwa siku kama mkataba wako unakubebesha matengenezo. Kama matengenezo ni ya mwenye chombo, na iandikwe hivyo, si kwa mdomo.

Pesa ya chombo si pesa ya familia. Hapa ndipo madereva wengi hukosea: siku ya 20,000 wanaiona yote ni yao, na oili ikifika wanakopa kwa wenzao kijiweni.

Siku ya 20,000 ifanye hivi: lipa foleni yote, kisha kinachozidi kigawe nusu kwa nusu. Nusu ya kwanza ni kibubu cha siku mbaya mpaka kifikie matumizi ya siku saba. Nusu ya pili ni matakwa, yawe nguo ya mtoto au soda na wenzako, na usiulizwe. Mkeka wa kubeti utoke humo humo, usiguse hata 500 ya foleni. Kuna watakaosema mkeka ni uwekezaji. Kama ni hivyo, daftari lako la siku 14 litaonyesha ulirudisha shilingi ngapi.

Swali: *Mimi ni mwalimu. Desemba nina kadi nne za harusi, kila moja single 50,000, double 100,000. Mume anasema hiyo ni anasa. Mimi nasema watu wale ndio watakaotuzika. Nifanyeje?* (Mwalimu, Morogoro)

Jibu: Mume ana nusu ya hoja na wewe nusu. Michango ni bima isiyoandikwa. Siku ya msiba au mtoto kulazwa, watu haohao ndio wanaokuja na bahasha. Kwa hiyo mstari wake lazima uwepo. Ila bima nayo ina kikomo.

Tenganisha kwanza misiba na harusi. Rambirambi haina tarehe na haisubiri mshahara. Iwe na bahasha yake ndogo isiyoguswa, hata 10,000 kila mwezi. Harusi ina tarehe, na kadi huja mapema. Panga kiasi cha mwaka kabla ya kadi kuanza kuja, tuseme 240,000, yaani 20,000 kwa mwezi. Kadi zikija unaligawa fungu hilo, huliongezi. Ndugu wa tumbo moja ndiye wa mbele. Wa pili ni wale waliokuchangia wewe. Fukua daftari la kamati yako uone nani alitoa ngapi, maana hilo ni deni. Wafanyakazi wenzako na majirani wa mbali wanapata kinachobaki.

Sasa uangalie vizuri kinachokula hela. Mara nyingi si mchango. Single ni 50,000, halafu kitenge cha sare 35,000, mshono 30,000, saluni 15,000, nauli ya usiku 20,000. Shughuli moja imefika 150,000, na bado kuna kicheni pati na sendofu, kila moja na sare yake. Mchango ni hitaji la ujirani. Sare ni matakwa, hata kama kundi la WhatsApp linasema ni lazima. Katika kadi nne, vaa sare moja, ile ya ndugu. Nyingine tatu peleka mchango, na kama huendi, upeleke mapema ukiwa na salamu; aliyechanga bila kuhudhuria hachukiwi kama aliyehudhuria bila kuchanga.

Kwa mwenyekiti wa kamati usiseme "nitaangalia". Taja namba unayoiweza na tarehe. Kamati hulipa ukumbi na chakula kwa kutegemea ahadi, kwa hiyo ukiahidi 100,000 ukatoa 40,000 umeharibu kuliko aliyeahidi 30,000 akaitoa. Omba kulipa kwa awamu tatu, wengi hukubali. Na mshahara wa Desemba kwa mwalimu ndiyo Januari ya watoto, usisahau.

Swali: *Kuna kanuni ya asilimia 50 mahitaji, 30 matakwa, 20 akiba. Nimejaribu, chakula na kodi vinameza 80. Nimekosea wapi?* (Msomaji, Iringa)

Jibu: Hujakosea. Kanuni hiyo imetoka Marekani, kwa watu wa mshahara ambao chakula kinachukua sehemu ndogo ya kipato. Mtakwimu wa Kijerumani Ernst Engel alionyesha tangu 1857 kwamba kadiri kipato kinavyopungua ndivyo sehemu inayokwenda kwenye chakula inavyokua. Kwa hiyo 80 yako si uzembe. Tumia mpangilio huu badala ya asilimia: kwanza vyenye tarehe (kodi, shule), pili meza, tatu akiba ya kiasi maalum hata ikiwa 5,000, na matakwa yapewe kiasi, si asilimia. Kipato kikipanda, usipandishe mistari yote kwa mpigo. Mwezi wa kwanza nyongeza yote iende kwenye ile ya tatu, akiba.

Swali: *Tumeoana mwaka huu. Mke anataka friji, tukope 300,000 tuongezee. Mkopeshaji anatoza asilimia 10 kwa mwezi, miezi sita. Friji si hitaji siku hizi?* (Bwana Harusi, Dodoma)

Jibu: Hongereni. Friji linaweza kuwa hitaji. Kama ndani kuna mgonjwa wa sukari anayetumia insulini, ile ambayo haijafunguliwa hutunzwa kwenye nyuzi 2 hadi 8, na hapo mjadala umekwisha. Kama mkeo atauza barafu, juisi au samaki, ni mtaji, tena mtaji unaohesabika. Chukua faida ya siku, toa uniti moja na nusu ya umeme, uone litajilipa kwa miezi mingapi. Kama ni kwa ajili ya maji baridi na mboga ya jana, ni matakwa mazuri, na matakwa mazuri hununuliwa kwa akiba.

Hesabu ya mkopo ni hii. Asilimia 10 ya 300,000 ni 30,000 kwa mwezi, mara sita ni 180,000. Mtarudisha 480,000, yaani 80,000 kila mwezi. Ujanja wake ni kwamba riba inahesabiwa juu ya 300,000 hadi mwezi wa mwisho, wakati mwezi wa nne mmekwisha kurudisha nusu ya mtaji. Ukiikokotoa juu ya deni linalobaki kweli, inazidi asilimia 15 kwa mwezi. Na kama mkopeshaji anakata ada ya fomu mbele, mkapokea 285,000 mkalipa kama waliopokea 300,000, inapanda zaidi. Mikopo ya kausha damu ni mibaya kuliko huo, kwa sababu marejesho yake ni ya kila siku na siku moja ukikosa unatozwa faini.

Mkiweza kulipa 80,000 kwa mwezi, basi mnaweza kuiweka 80,000 kwa mwezi. Kwa miezi minne mna 320,000, bila riba, na mnachagua friji mkiwa na pesa taslimu mkononi, ambapo bei hupungua. Tofauti ni miezi minne bila maji baridi kwa 180,000. Dodoma ina joto, lakini si la bei hiyo. Mtungi wa udongo wenye kitambaa kibichi, ukikaa kivulini penye upepo, hupoza maji vizuri sana kwenye hewa kavu kama yenu.

Kama bado mtakopa, muulize mkopeshaji leseni ya Benki Kuu daraja la pili, inayotakiwa na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, na mpewe mkataba kwa Kiswahili unaotaja jumla ya kurudisha kwa shilingi, si asilimia peke yake. Wala kadi ya benki na namba ya siri zisiachwe kwa mtu.

Swali: *Assalaam alaikum. Niko Muscat, nafanya kazi za nyumbani. Kila mwezi natuma Unguja kwa mama na wadogo zangu wanne 400,000 na kila tarehe 20 naambiwa imekwisha. Sijui zinakokwenda.* (Binti wa Unguja)

Jibu: Waalaikum salaam. Usianze kwa kuuliza zinakokwenda, utaletewa lawama badala ya hesabu. Muombe mama akutajie kwa sauti ya WhatsApp vitu vinane tu: mchele, unga, mafuta, sukari, gesi, maji, umeme, nauli za skuli. Kila kimoja kiasi kwa wiki na bei. Wewe andika na ujumlishe. Mara nyingi utakuta meza na nauli zinafika 330,000, na skuli na dawa zinabakiwa na 70,000 tu. Kwa hiyo 400,000 haikupotea, haikutosha. Au utakuta 250,000, na hapo una swali la haki la kuuliza.

Kisha ipasue pesa yenyewe. Ya skuli ilipe wewe moja kwa moja, kila inapowezekana, kwa namba ya malipo ya skuli, isipite mkononi mwa mtu. Ya meza itume mara mbili, tarehe 1 na tarehe 15. Utalipia ada ya kutuma mara mbili, na hapo wengi husita. Linganisha ada hiyo na ile ya dharura unayolipa kila tarehe 20 kwa haraka, utaona umeshailipa tayari. Mwambie mama kwamba maombi mengine yote, simu ya mdogo wako, kochi, mchango wa shughuli, yaandikwe kwenye orodha moja, na utajibu tarehe 1 tu. Utashangaa mangapi yatajifuta yenyewe kabla ya hiyo tarehe.

Na kuna mstari mmoja ambao hakuna atakayekuombea: nauli yako ya ndege ya kurudi na matumizi ya mwezi mmoja ukifika. Hilo ni hitaji la nyumba nzima, maana wewe ndiye kipato chao. Likate kabla ya kutuma, lisiwe kwenye akaunti ambayo nyumbani wanajua salio lake.